Aliyekata Tawi la Ratam

Al-Malqa, Riyadh
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Keziah,

Hujambo? Mimi niko, ni presha tu inayopanda na kushuka, na wiki hii imepanda. Unakula? Unalala wapi? Nauliza kwa sababu mzazi huuliza. Usidhani nimepoa.

Mwezi mmoja na nusu umekaa Aziziya, Jeddah, nami niko Riyadh, nchi ile ile moja, na aliyeniambia ni Maryann, jirani yetu wa kule nyumbani Chwele, ambaye hata ndoto yake mwenyewe hawezi kuificha. Nikakupigia simu. Umenifungia namba. Nikapiga kwa namba ya Hezekiah, nayo ukaifungia. Basi nimetafuta karatasi. Karatasi huwezi kuifungia.

Nilikuambia ukimaliza kidato cha nne upumzike, kisha uende chuo cha ualimu. Nilikuambia mguu wako usikanyage Saudi. Ukasema "sawa mama" kwa hiyo sauti yako ya panya, kumbe agenti ameshakutafutia pasi. Maryann amenitumia picha ya pasi hiyo. Ati ulizaliwa mwaka 2001. Mimi niliyekuzaa najua una miaka kumi na tisa, na usiku ule mvua ilikuwa inanyesha mpaka kitandani. Ulipokaa mbele ya agenti ukajiongezea miaka mitano ili ufikishe umri wanaoutaka, hukuona aibu?

Huyu Hezekiah ni dereva wa bosi wangu. Bosi ana ofisi Jeddah, na kila baada ya wiki mbili wanateremka huko. Atakuletea barua hii mlangoni. Mpe jibu, na asirudi mikono mitupu. Nataka jina la kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini, nataka kujua kama ikama, kibali chako cha kukaa, imetoka, na nataka tarehe utakayorudi nyumbani.

Ni mimi mama yako,
Rosebellah


Aziziya, Jeddah
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Mama,

Pokea salamu zangu, na pole kwa presha. Mimi ni mzima. Nakula mara tatu, nalala kwenye chumba chenye dirisha.

Nilikufungia namba kwa sababu ukipiga simu unapaza sauti na mimi nanyamaza, halafu unasema nina kiburi. Sina kiburi. Maneno yangu huja mtu akishakata simu. Kwa barua nitaweza kukujibu.

Ikama imetoka. Kafili wangu ni mama mjane, Doktora Fawziya. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, sasa amestaafu na macho yake yanaisha. Kazi za nyumbani ni chache. Kazi yenyewe iko chumba cha nyuma. Kuna kabati kumi na moja za chuma zilizojaa mimea mikavu. Kila mmea ulikatwa jangwani, ukalazwa katikati ya magazeti na kugandamizwa mpaka ukakauka, kisha ukashonewa kwenye karatasi nene. Pembeni kuna lebo: jina la mmea, mahali, tarehe, na aliyekata. Pia kuna bahasha ndogo imegundishwa pale pale, ya kuwekea vinavyodondoka, mbegu na maua. Doktora hatupi kitu.

Wino wa lebo za zamani unafifia. Mimi namsomea, yeye anathibitisha, kisha naandika lebo mpya kwa mwandiko wangu na kuibandika chini ya ile ya zamani. Ya zamani haitolewi. Hiyo ni sheria. Hata ikiwa na kosa haifutwi. Unaongeza karatasi ndogo kando yake, unaandika sahihisho, tarehe na jina lako, na lile kosa linabaki pale pale kila mtu alione.

Sasa tuko kwenye ratam. Ni kichaka cha makorongo ya kaskazini, upande wa Tabuk, fimbo tupu za kijani na maua meupe. Tuna karatasi mia moja na arobaini za ratam peke yake, tangu Doktora akiwa msichana. Anataka watu waone jinsi kinavyopungua, kwa sababu familia zikienda kupiga kambi jangwani wakati wa baridi hukikata kuni.

Umeniuliza kuhusu aibu. Mimi nami nina la kukuuliza. Uliondoka nikiwa na miaka minane. Miaka kumi na moja hujarudi hata mara moja. Kukhu, mama yako, ndiye aliyenilea. Alipokufa hukuja kumzika, na kwa hilo sijawahi kukulaumu. Pasi ilifichwa, mlango ukafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani sauti haitoki, na nilisimama kando ya jeneza nikasoma kwamba mama yangu amefungiwa Saudi, tumwombee. Kanisa zima liliinuka. Mjomba Noah alilia, na mjomba Noah halii.

Lakini baada ya hapo ulifunguliwa, na bado hukuja. Kwa hiyo usiniulize mimi tarehe ya kurudi. Anza wewe.

Keziah wa kukhu


Al-Malqa, Riyadh
Jumapili, 2 Novemba 2025

Keziah,

Habari ya huko kwenye joto? Kwetu baridi imeanza, magoti yananiambia kila asubuhi. Kumbe siku hizi una jina jipya la kutia sahihi. Sawa, wa kukhu. Kukhu mwenyewe alikuwa na nani, kama si mimi?

Nimesoma barua yako mara tatu nikimenya viazi. Mara ya kwanza nilicheka. Miaka kumi na miwili ya shule ili uje Saudi kushonea kuni kwenye karatasi. Ratam ni kuni, mtoto wangu. Ni kuni nzuri, makaa yake hayazimiki upesi, unafukia jioni na asubuhi ukifukua majivu unakuta moto bado uko. Ndiyo maana wanaipenda. Lakini kuni hazina haja ya cheti cha kuzaliwa.

Mara ya pili sikucheka. Niambie, huyo Doktora ni mrefu? Anatembea na bakora yenye kichwa cha fedha? Usimwambie kwamba nimeuliza.

Mara ya tatu nimeamua. Utoke nyumba hiyo. Nimeongea na rafiki yangu Sellah, yuko hapo hapo Aziziya, anajua familia yenye mapacha inayotafuta msichana. Kwanza vumbi la mimea na dawa ya wadudu litakuharibu kifua. Pili, mtu asiyekuwa na macho hatakuona ukiumwa. Mwambie umechoka, ahamishe karatasi zako za kazi, na ifikapo mwisho wa mwaka uwe umetoka. Na sitaki kuulizwa kwa nini.

Mama yako, utake usitake,
Rosebellah


Aziziya, Jeddah
Jumamosi, 29 Novemba 2025

Mama,

Natumai magoti yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Hezekiah alipokuja tarehe 15 nilimwacha aondoke bila barua. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nafikiri. Doktora ni mrefu. Bakora yake ina kichwa cha fedha. Nikawa najiuliza wewe umeijulia wapi.

Jumatano tukafika karatasi namba 88. Nakunakilia lebo yake yote, sijaongeza neno:

"Ratam. Korongo la kaskazini, upande wa Tabuk. Chini ya ukuta wa mwamba, mchanga mwekundu. Kichaka kimoja kikubwa, tayari kimekatwa nusu. Kina maua. 16 Februari 2019. Aliyekata: Rose, Mkenya, mfanyakazi wa familia ya Al-Malqa, Riyadh, waliopiga kambi jirani. Alikuwa anatokwa na machozi. Alisema ni moshi."

Nilimsomea Doktora mpaka neno la mwisho, maana ndiyo kazi yangu, na sauti haikutetemeka. Akasema, "Ndiyo, namkumbuka huyo, alikuwa mbishi." Kisha akasema tuendelee na 89.

Tarehe 16 Februari 2019 ilikuwa Jumamosi. Jeneza la kukhu lilishuka saa saba mchana. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi inayosema umefungiwa.

Ulikuwa pikiniki, mama. Ulikuwa unachomewa nyama korongoni na moshi unakuingia machoni. Mimi nilitafuta mlango wako kwenye maombi kila usiku, mwaka mzima nikimwomba Mungu aufungue, na wewe ulikuwa nje, kwenye mchanga, chini ya mbingu.

Sasa najua kwa nini ulitaka nitoke nyumba hii. Sitoki.

Keziah


Al-Malqa, Riyadh
Jumapili, 14 Desemba 2025

Keziah,

Salamu. Nimeona maandishi yako.

Akina Rose wamejaa Saudi kama kumbikumbi. Hapa Al-Malqa peke yake nawajua sita, wawili kati yao hata si Rose, waliitwa hivyo na madam kwa sababu majina yao yalimshinda. Kila Mkenya akishika panga anakuwa mimi? Bakora ya fedha kila mzee wa hapa anayo. Niliuliza tu.

Unanishtaki kwa karatasi ya kuni, mimi niliyekunyonyesha. Na ukiona kila kilichoandikwa ni kweli, fungua pasi yako usome mwaka. Wewe nawe ni rekodi, na wewe nawe ni ya uongo.

Usiniandikie tena mambo haya. Hezekiah ana mdomo.

Rosebellah


Aziziya, Jeddah
Jumamosi, 27 Desemba 2025

Mama,

Heri ya Krismasi iliyopita. Hapa ilikuwa Alhamisi kama Alhamisi nyingine, niliosha mazulia. Nilikukumbuka, sijui kwa nini.

Kweli akina Rose ni wengi. Kwa hiyo nilifungua ile bahasha ndogo ya namba 88. Nilikuambia Doktora hatupi kitu. Ndani kulikuwa na maua matatu makavu, mbegu mbili, na kipande cha kitambaa kirefu kama kidole, kimekunjwa. Ndicho kilichofunga tawi siku lilipokatwa. Ni chekundu chenye kingo nyeusi, na kimebaki na maneno mawili tu: NYOTA YA.

Leso huuzwa mbili. Siku ulipoondoka kukhu alizikata, moja akakupa, nyingine akabaki nayo. Ile ya kukhu ndiyo ninayojifunga kichwani nikifagia. Nililaza kipande kile juu yake mezani. Maneno yake ni: Usisafirie nyota ya mwenzio. Herufi zilikaa juu ya herufi.

Hezekiah hana mdomo, mama, usimseme. Mimi ndiye niliyemuuliza. Nilisimama mlangoni nimeshika barua yako mpaka akasema, "Wewe mtoto, sema au niende, bosi ananingoja."

Nikasema, "Mwaka 2019. Korongoni. Wewe ndiye uliyewapeleka?"

"Mimi ndiye. Siku sita, na mchanga mpaka kwenye meno."

"Mama alikuwepo?"

"Sasa nani angepika?"

Nikamuuliza kama madam alimnyima mama ruhusa ya kwenda kuzika. Akanitazama hivi. "Kuzika nani?" Nikamwambia. Akasema madam wako alijua habari za msiba mwezi wa tano, tena kwa bahati, akagomba kwa nini hakuambiwa. Akasema pasi yako unakaa nayo mwenyewe kwenye sanduku lako, kwamba kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kufungiwa. Kisha akaona uso wangu. "Halas, basi," akasema, "mimi sijasema kitu," akaingia kwenye gari na kusahau hata kuaga.

Jambo la mwisho. Nimesoma daftari la safari la Doktora, lile anamoandika usiku kwenye hema. Ukurasa wa siku hiyo unasema: "Nilimuuliza analia nini, akasema moshi. Lakini walikuwa bado hawajawasha moto."

Kabati zinaondoka kabla ya Ramadhani. Watu wa chuo kikuu watakuja tarehe 15 Februari kuzichukua, na kila karatasi itapigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, lebo na bahasha na yote, mtu yeyote duniani aone. Baada ya hapo si mimi wala Doktora atakayezigusa.

Nataka kujua jambo moja tu. Uliomba ruhusa ukanyimwa, au hukuomba?

Keziah


Al-Malqa, Riyadh
Jumapili, 25 Januari 2026

Keziah mwanangu,

Hujambo? Hezekiah amekuja huko mara moja bila barua yangu. Nilimwambia nina homa. Sikuwa na homa.

Sikuomba.

Nimekaa na neno hilo wiki nne, na sasa naona ni fupi kiasi gani. Nitakueleza yaliyobaki, halafu unitukane kwa jumla.

Mama alikuwa amenifungia namba. Kama wewe. Sijui kama damu hufundisha mambo haya. Septemba ya mwaka uliotangulia alinipigia akasema, njoo umchukue mtoto wako, mimi nimechoka, kifua kinauma. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama amechoka akulaze barabarani. Ndivyo nilivyosema, nimeyabeba maneno hayo miaka saba na leo ndiyo mara ya kwanza nayaandika. Akakata. Akamwambia Noah anifungie. Miezi mitano sikumsikia. Noah aliponipigia ile Jumatatu nilijua kabla hajasema.

Madam alikuwa sebuleni anapanga vyombo vya safari. Nilikuwa na hatua kama nane za kutembea. Niliogopa, Keziah, na sikuogopa kwamba atakataa. Niliogopa kwamba atakubali. Kwamba kesho yake nitakuwa Chwele, nimesimama mbele ya jeneza la mtu niliyemwambia hivyo, na watu wote wanaangalia kama nitalia.

Nikamwambia Noah wamechukua pasi, wamefunga mlango. Uongo mwingine wowote nyumbani wangeuhoji. Huo hauhojiwi. Kuna msichana anaitwa Roseline, aliwahi kujificha Manfuha, mtaa wa hapa Riyadh, kwenye chumba cha wanawake tisa. Yeye alifungiwa kweli, miezi saba, alitoka kwa dirisha la choo na mguu ukavunjika. Ile hadithi niliyomwambia Noah ni ya Roseline. Niliivaa tu. Kanisa lilipoinuka liliniombea mimi, na Roseline hakuna aliyemwombea.

Basi tukaenda korongoni. Jumamosi, nikiwa nahesabu saa, maana za nyumbani na za huku ni zile zile, ilipokaribia saa saba madam akanituma kuni. Nikaenda mbali kuliko ilivyohitajika. Nikakuta kichaka kikubwa cheupe kwa maua, nikakikata. Nikakata tu. Kilikuwa kinatoa harufu nzuri na mimi naendelea kukata. Ndipo huyo mzee akaja na bakora, "Mafi, mafi," yaani hapana kwa Kiarabu, "acha!" Akaniuliza kwa Kiingereza, unajua kichaka hiki kina umri gani? Nikamwambia kuni ni kuni. Akasema kinanizidi mimi umri, na sasa nimekiua nusu. Ndipo machozi yakaja, naye akauliza, nikasema moshi. Alitaka tawi moja lenye maua. Hakukuwa na kamba. Leso ilikuwa kiunoni. Nilichana leso ya mama saa ile ile wanayomfunika kwa udongo, nikamfungia mgeni kuni.

Sasa unajua kwa nini sirudi. Kwetu aliyekosa mazishi haingii nyumba yoyote kabla ya kufika kaburini. Nitashika ule udongo nimwambie nini?

Nakuomba jambo moja, na sikuombi kama mama, najua hapo sina pa kusimama. Toa karatasi hiyo. Huyo mzee haoni. Namba moja katika mia na arobaini. Noah ana simu, watoto wa Noah wana simu, siku moja mtu ataandika Rose na Februari na Chwele yote itasoma. Ichome. Ni kuni tu, Keziah. Itaungua haraka.

Rosebellah


Aziziya, Jeddah
Jumamosi, 14 Februari 2026

Mama,

Natumai uko salama, na kwamba homa usiyokuwa nayo imepona. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma chooni, ndipo pekee penye komeo. Pale uliposema anilaze barabarani nilirudi mwanzo wa mstari nikausoma tena. Kukhu hakuwahi kuniambia. Alikaa na mimi miezi ile mitano, anakohoa, ananisuka nywele, na hakusema hata neno moja juu yako. Kwa hilo bado sijakusamehe. Labda baadaye, sijui. Nakuandikia ilivyo.

Jumanne, Doktora akiwa amelala, niliitoa namba 88 nikaipeleka jikoni. Niliwasha jiko. Ulisema kweli, haoni, na ningemwambia haipo angeamini. Nilisimama pale mpaka birika likaanza kupiga kelele. Sikuichoma. Usifikiri ni kwa ajili yako. Ni kwamba kwenye daftari kuna 87 na kuna 89, na mtu wa chuo kikuu angeuliza katikati palikuwa na nini, na mimi ningenyamaza kama kawaida yangu. Nimechoka kunyamaza.

Alipoamka nilimwambia yote. Ilinichukua karibu saa nzima, nikisimama na kuanza tena. Yeye alikaa tu, mikono juu ya bakora. Mwisho akasema, "Yule wa moshi ni mama yako." Nikasema ndiyo. Nikamuuliza kama inaweza kutolewa. Akasema, "Wewe unajua jibu." Nikasema najua. Akasema, "Basi sahihisha. Lakini andika unachokijua tu."

Nilipotaka kutia jina langu nikakumbuka ulichosema juu ya pasi yangu. Kweli mimi nami ni rekodi ya uongo. Nikamwambia umri wangu. Hapo alikasirika. Alisema, "Umeniweka hatarini ndani ya nyumba yangu mwenyewe," na siku mbili hakuniita isipokuwa kwa mkono. Jana akaniita kwa jina. Nitarudi nyumbani baada ya Idi, amepanga tiketi, ya Machi 28. Kwa hiyo umepata tarehe uliyoitaka kwenye barua yako ya kwanza. Pia nitafanya maombi ya chuo cha ualimu. Usifurahi sana.

Sasa wewe. Hezekiah anasema madam wako hajawahi kumnyima mtu ruhusa. Hatua ni nane, umezihesabu mwenyewe. Omba. Ukikubaliwa, nitakungoja Chwele barabarani, na tutapita kaburini kwanza kabla ya nyumba yoyote. Sitakusaidia cha kusema. Usipokuja, nitamwambia mjomba Noah mwenyewe, kwa mdomo wangu, na unajua mimi kusema ni kazi kiasi gani. Kumbuka pia kumtafuta Roseline, umwambie.

Namba nimekufungulia. Usipige mchana, simu hukaa kwenye droo.

Kesho asubuhi kabati zinaondoka. Hiki ndicho nilichobandika kando ya lebo. Lebo ya zamani ipo, sijaigusa.

"Ratam, karatasi namba 88. Sahihisho.
Aliyekata ni Rosebellah Nafula wa Chwele, Bungoma, Kenya. Kitambaa kilichomo kwenye bahasha ni cha leso aliyopewa na mama yake, Metrine Nekesa, aliyezikwa nyumbani siku hiyo, saa hiyo.
Haukuwa moshi.
Amesahihisha: Keziah, binti yake, aliyezaliwa 2006.
14 Februari 2026."